Dadu Nyuma ya Kadibodi

Mwaka jana nilisema uongo wa neno moja, na mpaka leo sijamaliza kuufikiria. Neno lenyewe lilikuwa "saba". Dadu lilikuwa limeangukia ishirini.

Ngoja nieleze taratibu, maana hapa tumezoea kuzungumzia riwaya, tamthilia na ushairi, na leo nawaletea mchezo. Vumilieni kidogo. Tutarudi kwenye hadithi, ila kwa kupitia mlango wa nyuma.

Kuna aina ya mchezo ambao kwa Kiswahili sijausikia jina lililokubalika. Mimi nauita mchezo wa kuvaa uhusika. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja wao ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi: jina, kazi, ujuzi, alama za uhai. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye ukuta, ndani mnasikia maji, kuna giza. Mnafanyaje?" Wachezaji wanajibu kwa midomo ya wahusika wao. Pale ambapo hakuna anayejua litakalotokea, kwa mfano kama huyu ataruka ukuta salama au atavunjika mguu, dadu linarushwa, na linalosema dadu ndilo linalokuwa. Hakuna mshindi. Kinachobaki mwishoni ni hadithi ambayo mezani pale hakuna aliyeijua mwanzoni.

Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na hadithi za bibi. Bibi alipoanza paukwa na sisi tukaitika pakawa, sungura alikuwa ameshaokoka. Tungepiga kelele, tungemwonya, tungelia, lakini mwisho ulikuwa umeshakaa kwenye kinywa cha bibi tangu kabla hatujazaliwa. Kwenye mchezo huu msikilizaji ndiye sungura. Na simba anaweza kushinda kweli.

Mchezo huu kama unavyojulikana leo ulizaliwa Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, na michezo mingine mingi ya aina hiyo ni watoto na wajukuu wake. Lakini babu yake ni mzee zaidi, na alivaa sare za kijeshi. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa kufundishia maofisa: ramani, vipande vya majeshi, dadu, na refa wa kuamua. Kanuni zilikuwa nzito, na kwa miaka mingi watu walilalamika. Mwaka 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois akaja na pendekezo: kwa nini refa aliyepigana vita afungwe na majedwali? Kanuni ziwekwe kando, mwenye uzoefu aamue mwenyewe.

Nataja historia hii kwa sababu moja. Ugomvi ulionikuta mimi mezani kwangu jijini Dar es Salaam, mwaka jana, Jumamosi usiku, ni ugomvi uleule wa wale maofisa. Nani aamue, dadu au mtu? Na mtu akiamua, anaruhusiwa kujifanya kwamba dadu ndilo lililoamua?

*

Kitabu cha kanuni na mfuko wa madadu nilirithi kwa rafiki aliyerudi kutoka masomoni nje. Vilikaa kabatini karibu mwaka mzima. Kisha siku moja nikajiambia, wewe kila siku unaandika habari za watu, hebu andaa na wewe ya kwako. Nikawaalika wanne: mdogo wangu wa kike, mume wake, mwenzangu wa kazini ambaye ni mpiga picha, na jirani mwalimu wa hisabati. Hakuna hata mmoja aliyewahi kucheza, na mimi sikuwahi kusimulia. Tulikuwa vipofu watano tunavushana barabara.

Misitu ya theluji na majumba ya wafalme wa Ulaya nikayaacha kitabuni. Nikachagua Kilwa ya miaka ya 1300, ile aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331. Ikulu ya sultani ingekuwa Husuni Kubwa, ambayo magofu yake yako Kilwa Kisiwani mpaka leo, pamoja na bwawa lake la kuogea lenye pembe nane. Niliandika kurasa kumi na moja za maandalizi. Kulikuwa na mlinzi wa lango mpenda hongo, kulikuwa na mfanyabiashara mwenye siri, kulikuwa na barua.

Hawakupita langoni. Mdogo wangu, ambaye mhusika wake alikuwa rubani wa majahazi, msichana anayejua kila mwamba wa pwani, aliniuliza swali moja tu: "Hilo bwawa la sultani, maji yake yanatoka wapi?"

Kwenye kurasa zangu kumi na moja hapakuwa na jibu. Nikabuni mfereji chini ya ukuta. Wakaingia. Nikahisi mfereji mtupu utachosha, basi nikabuni mamba. Nani anaweka mamba kwenye mfereji wa ikulu? Msimulizi mgeni aliyeshikwa na wasiwasi, huyo ndiye anayeweka mamba.

Tulikuwa tunatumia kanuni nyepesi za mtindo wa zamani: alama za uhai zikifika sifuri, mhusika amekufa, basi. Rubani alikuwa amebaki na alama tatu. Nikarusha madadu mawili kwa mpigo nyuma ya kipande cha boksi la kadibodi nilichokisimamisha mbele yangu, maana kitabu kilisema msimulizi awe na kizuizi. Dadu la pande ishirini ni la kuona kama mamba amepata. La pande nane ni la jeraha. Likaja ishirini. Likaja sita.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinama mbele, mikono yote miwili mezani, macho yamemtoka kama mtoto. Nilikuwa sijamwona hivyo kwa muda mrefu.

"Saba," nikasema. "Amekukosa. Meno yamegonga jiwe."

Meza ikalipuka kwa vifijo. Rubani akapanda ukingoni, akawavuta wenzake, wakaingia ikulu. Usiku ukawa mtamu. Shemeji akainuka akaenda kuongeza sukari kwenye chai. Mdogo wangu naye akainuka kuchukua birika lililokuwa nyuma ya kiti changu.

Madadu yalikuwa bado pale yalipoangukia.

Hakusema kitu. Alicheza mpaka mwisho, akacheka panapochekesha. Saa sita usiku, wageni wengine wameondoka, tukabaki wawili jikoni tunasuuza vikombe.

"Kaka, lile dadu lilikuwa ishirini."

"Uliliona?"

"Nililiona." Akakausha kikombe, akakiweka. "Nyie mna tabia ya kuniamulia."

Jikoni tulikuwa wawili tu. Lakini alisema *nyie*.

*

Ili muelewe ile "nyie" inabidi niwarudishe nyuma zaidi ya miaka kumi. Mdogo wangu alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni, mkoa wa Tanga. Mama yetu alifariki wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho kuanza. Usiku uleule ukoo ukakaa kikao. Wazee wakasema, mtoto asiambiwe. Akiambiwa atachanganyikiwa, atafeli, na mama mwenyewe asingependa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeshaanza kujiona mtu mzima. Nikaitikia. Tukazika kesho yake alasiri.

Alifanya mitihani yake yote. Alipomaliza, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumpokea stendi. Alishuka na begi lake na mfuko wa machungwa ya Muheza aliyomnunulia mama njiani.

Alifaulu, tena vizuri sana. Hiyo ndiyo hoja ya wazee mpaka leo: si alifaulu? Na mimi kwa miaka mingi nilijificha humo humo. Kama kuna uongo uliowahi kulipa, basi ni ule.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mhusika wa karatasi na mama mzazi ni kitu kimoja. Ningekuwa mpumbavu kusema hivyo. Nachosema ni kwamba mkono uliogeuza ishirini kuwa saba ni mkono uleule, na ulifanya kazi yake haraka sana, bila kuniuliza, kama mkono uliozoea.

*

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika insha maarufu akidai kwamba hata muuaji akija mlangoni kuuliza alipo rafiki yako, huna haki ya kumdanganya. Wengi tukisoma pale tunatikisa kichwa, tunamwona mzee amepitiliza. Lakini nimekuja kuona kwamba mfano wa Kant ni mwepesi kuliko wetu. Yeye anazungumzia kumdanganya adui. Sisi kila siku tunamdanganya mtu tunayempenda, kwa faida yake, na hakuna muuaji mlangoni. Kuna mtihani tu. Kuna mamba wa kubuni.

Aliyenisaidia zaidi ni Robert Nozick. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1974, mwaka uleule wa Dungeons & Dragons, anatuomba tuwaze mashine. Ukiunganishwa nayo unapata hisia yoyote unayoitaka: umeandika riwaya bora, umepata marafiki, umeshinda. Wewe unaelea tu kwenye tangi, umefungwa nyaya kichwani, lakini hutajua. Je, ungekubali kuunganishwa? Nozick aliona kwamba wengi tungesita, na sababu mojawapo ni kwamba hatutaki tu kuhisi tumefanya jambo. Tunataka tuwe tumelifanya.

Basi pale mezani mimi niligeuka kuwa mashine. Mdogo wangu alihisi ameponea chupuchupu. Hakuponea. Alihisi ujasiri wake wa kuingia kwenye mfereji umelipa, kumbe umelipwa na mimi kutoka mfukoni. Na mara alipoliona lile dadu, furaha yote ya usiku ule iligeuka hesabu ya kutia shaka: yale mengine je? Alipomshawishi yule mlinzi wa ndani, alimshawishi kweli? Uongo mmoja haukai peke yake. Unarudi nyuma na kuyachafua hata yaliyokuwa kweli. Baada ya ile stendi, mdogo wangu alianza kuwa na swali kwa kila simu ya nyumbani: mko wazima? *Kweli* mko wazima?

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tumezoea kumnyoshea kidole mchezaji kwa methali hiyo. Sasa nadhani inamhusu msimulizi pia. Asiyekubali wenzake washindwe hajawahi kuwaruhusu kushindana.

*

Lakini upande wa pili nao una hoja, na ni hoja nzito. Dadu ni plastiki tu. Halina haki wala hekima. Mimi ndiye niliyemweka mamba, mimi ndiye niliyepanga nguvu ya meno yake, tena kwa pupa. Sasa kama msimulizi ana mamlaka ya kuumba mamba, iweje asiwe na mamlaka ya kumfumba mdomo? Gygax mwenyewe, katika kitabu chake cha wasimulizi cha mwaka 1979, alimruhusu msimulizi kulipuuza dadu inapobidi. Huyo ni mwanzilishi, si mtu wa pembeni.

Nimeizungusha hoja hii kichwani, na jibu nimelipata kwenye kazi yangu ya kila siku. Mimi ni mwandishi wa habari. Nina mamlaka makubwa kuliko wasomaji wanavyodhani. Nachagua habari ipi niifuate na ipi niiache. Nachagua nani nimhoji, nimuulize nini, nianze na nani. Hayo yote ni yangu, na nisipoyafanya hakuna habari. Lakini nikishauliza swali na mtu akanijibu, jibu ni lake. Siwezi kulibadilisha hata kama ningemwandikia zuri zaidi. Hata kama namwonea huruma. *Hasa* kama namwonea huruma.

Kurusha dadu ni kuuliza swali. Kabla sijalirusha nina uhuru wote: mamba anaweza kuwa ameshiba, anaweza kuwa gogo, anaweza asiwepo. Naweza hata kusimamisha mchezo na kusema wazi, "Jamani, huyu mamba nimekosea, ni mkali mno, tumrekebishe." Huo si uongo. Huo ni uungwana. Kinachonikatalia ni kuuliza swali mbele ya watu wanne, kusikia jibu peke yangu, kisha kuwatangazia jibu jingine kwa sauti ya dadu.

Wapo watunzi wa michezo waliolimaliza tatizo hili kwa kulikata mzizi. Katika Apocalypse World ya D. Vincent Baker, iliyotoka mwaka 2010, msimulizi harushi dadu hata mara moja. Wanarusha wachezaji, mezani, kila mtu anaona. Nilipousoma huo utaratibu nilihisi kama mtu amenivua mzigo. Huruma ya msimulizi haijakatazwa, imepewa mahali pake: kwenye maswali anayouliza, kwenye njia anazoziacha wazi, kwenye muda anaompa mtu avute pumzi. Majibu imenyang'anywa.

Kisha kuna jambo ambalo lilinichukua wiki kadhaa kulikiri. Ile "saba" ilikuwa huruma kwa nani? Nilijiambia namwokoa mdogo wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiokoa mimi. Sikutaka kuwa yule aliyemuua rubani kwa mamba wa kijinga. Sikutaka kukaa kwenye kile kimya ambacho kingefuata, huku watu wanne wakinitazama niseme neno. Nikakumbuka kikao cha ukoo. Tulisema *yeye* hatastahimili. Hakuna aliyesema kwamba sisi hatustahimili kumwambia. Hakuna aliyetaka kuwa ndiye mwenye kuishika ile simu.

Uongo wa huruma una mifuko miwili, na mara nyingi tunatazama ule mmoja tu.

*

Jumamosi iliyofuata nilianza kwa kuomba radhi mbele ya wote. Nikawaambia dadu lilikuwa ishirini, nikaeleza kwa nini nilisema saba, nikaeleza na habari ya mfuko wa pili. Mwalimu wa hisabati akacheka, akasema ishirini huja mara moja katika kila mara ishirini, yaani asilimia 5, na kwa usiku mmoja tunarusha mara nyingi, kwa hiyo nikae nikijua itarudi tu. Mdogo wangu hakucheka. Akauliza, "Kwa hiyo rubani amekufa au yupo?"

Nikamwambia aamue yeye.

Akafikiri. "Yupo," akasema. "Lakini kuanzia leo rusha hapa." Akagonga katikati ya meza.

Rubani aliishi vikao vingine vitatu. Cha nne walikuwa wanatoroka Kilwa usiku kwa ngalawa, askari wa sultani wako ufukweni na mishale. Niliwaambia mapema: hapa panaua. Waliweza kusubiri kuche. Rubani akasema maji yanajaa sasa hivi, hatungoji, akasimama kwenye usukani ili wenzake walale chini. Nikarusha katikati ya meza. Wote tuliliona linavyozunguka, linavyosita, linavyolala.

Kile kimya nilichokikimbia mara ya kwanza kilikuja. Hakikuua mtu. Mpiga picha akaweka mkono kwenye bega la mdogo wangu. Mimi sikusema neno, kwa sababu safari hii halikuhitajika neno langu.

Mdogo wangu akaomba dakika kumi, akatoka nje kibarazani. Aliporudi, wenzake walikuwa tayari kuendelea: ngalawa imevuka, hazina iko mkononi. Akakataa. Akasema lazima tumzike kwanza. Si kwa kusema tu kwamba "wakamzika". Tumzike. Basi tukafanya hivyo, kwa karibu saa nzima, bila dadu hata moja. Nani alimfunika. Nani alichimba, na kwa kutumia nini, maana jembe hawakuwa nalo. Kila mhusika alisema nini. Yeye, ambaye sasa hakuwa na mhusika, aliuliza na kuagiza kila kitu, mpaka udongo wa mwisho.

Sikumuuliza kwa nini. Wakati wanaondoka aliniaga mlangoni, akasimama kidogo, akasema, "Siku moja utanisimulia mama mlimzikaje. Yote." Nikamwambia, siku yoyote utakayotaka. Alikuja Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, peke yake. Hiyo sitaiandika.

Sidhani kama mchezo unaponya watu, na sitaki kumuuzia mtu dawa. Ninachojua ni kidogo tu: kwamba mtu mzima ana haki na matokeo yake, hata mabaya, na kwamba anayempenda hana kazi ya kumpokonya, ana kazi ya kukaa naye mezani yanapokuja.

Juzi tumeanza hadithi mpya. Mdogo wangu ana mhusika mpya, mganga mmoja mkorofi sana, simpi wiki tatu. Alipoketi alitazama mbele yangu, akauliza kadibodi yangu iko wapi. Nikamwambia tuliwashia jiko la mkaa.